Nyayo Chini ya Slabu

Hili sikusimuliwa na mtu. Nililiona lote kwa macho yangu, tangu siku ya kupima mpaka siku ya mwisho, na mikono hii ndiyo iliyomwaga zege lenyewe. Shule niliishia darasa la tano, sikatai, lakini kuanzia Soni mpaka Mlalo, ukikuta ghorofa imesimama kwenye mteremko na haijapata hata ufa wa kupitisha sisimizi, uliza fundi nani. Kwa hiyo anayetaka kunibishia anibishie akiwa amekaa. Mbele huko miguu itamlegea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, mwanzoni mwa mwezi wa sita, mvua zimekatika na baridi ndiyo kwanza inaingia. Sharifu, mkulima wa hoho na karoti, aliniita nyumbani kwake, juu kidogo ya mji wa Lushoto ukielekea Magamba. Ana nyumba kubwa ya zamani, na ubavuni mwake ameibandikia vyumba viwili vya nyongeza, vya bati, vya kawaida. Nyumba kubwa anakaa mke mkubwa, Latifa, mama Saidi. Vile vyumba viwili anakaa mke mdogo, Hawa, na watoto watatu wanaolala kitanda kimoja kama karoti kwenye gunia.

Latifa mwenyewe ndiye aliyetuletea chai ya tangawizi. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Alikuwa anaweka vikombe mezani wakati mumewe anasema, "Fundi, nataka tupandishe. Tutoe bati la Hawa, tumwage slabu, juu yake nipate vyumba vitatu."

Nikagonga ukuta, nikachimba kidogo pembeni kuangalia msingi. Nikamwambia msingi huu ulijengewa nyumba ya chini tu, hauwezi kubeba mgongo mwingine. Tutasimamisha nguzo sita mpya kwa nje, slabu ikae juu ya nguzo, ukuta wa zamani usibebe kitu.

"Na ngazi?" akauliza Sharifu.

Pa kuweka ngazi palikuwa mahali pamoja tu. Nikanyoosha mkono kuelekea mlango wa jiko la Latifa.

Latifa akamimina chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika, akaendelea kumimina.

Mnielewe hapo. Latifa hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi na moja alikaa na Hawa uwanja mmoja na hawakuwahi kushikana kanga. Hawa alikuwa na adabu. Kila asubuhi, kabla hajawasha hata moto, alikuwa anafika kwenye mlango wa bi mkubwa, anapiga goti kidogo: "Shikamoo, dada." Na Latifa anajibu, "Marahaba." Neno hilo moja ndilo lililokuwa cheo chake. Mume alishagawanywa kwa zamu. Mboga ziligawanywa, siku ya sokoni iligawanywa. Shikamoo haikugawanywa. Ilikuwa inakwenda upande mmoja tu.

Sasa wenye kujua maneno wanasema shikamoo maana yake ni kushika mguu wa mkubwa. Latifa aliniambia mwenyewe baadaye, tumekaa kwenye mirundo ya mbao: "Fundi, niambie wewe mwenye akili ya kujenga. Mtu aliye juu atashikaje mguu wa mtu aliye chini? Ataniamkia kutoka dirishani, shikamoo inanidondokea kichwani kama maji ya kuoshea vyombo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sokoni nako wakamtia ndimu kwenye kidonda. Muuza nyanya mmoja, Fatuma, mdomo wake hauna komeo, alimwambia mbele za watu, "Bi mkubwa, tumesikia mwenzio anapandishwa cheo. Wewe unabaki kuwa mlinzi wa getini."

"Nyumba ni ya mume wangu, atapandisha anachotaka," Latifa akajibu, akachagua nyanya zake taratibu, akalipa. Akafika nyumbani ndipo akagundua nyanya zote amezibonyeza mpaka zimepasuka.

Nguzo zikapanda. Kila siku zilivyozidi kupanda, kivuli chake kiliingia zaidi kwenye uwanja wa Latifa. Na mwezi wa sita kwetu jua la asubuhi ni mali. Kwanza kikafunika kamba yake ya nguo. Kisha kikafunika kigoda chake. Alikuwa anahamisha kigoda, kivuli kinamfuata. Akawa anakaa barazani anahesabu ngazi ambazo hazijajengwa bado, anaona miguu ya mwenzake inapita mbele ya uso wake, inapanda, inapanda.

Akaenda Mponde.

Huko, jirani na mashamba ya chai, kulikuwa na bibi mmoja aliyestaafu kuchuma majani, jina lake Loyce. Alikuja zamani na watu wa mikoani, hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alikuwa na chumba kimoja, na mikono yake ilikuwa imebaki na rangi ya chai mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya aliye juu yako."

Latifa hakuwa amesema kitu bado.

Loyce akamwambia hafanyi kazi ya kuua, na Latifa akaapa hataki mtu afe. Anataka tu yule asikae juu. Basi, akasema bibi, lete udongo wa unyayo wake. Uwe umekanyagwa peku, bila kiatu, uchukue kuanzia kisigino kwenda vidoleni, usirudie kuchota. "Ukishachota, usigeuke nyuma mpaka unifikie."

Tatizo likawa hilo. Lushoto mwezi wa sita nani anatembea peku? Hawa alikuwa na raba zake za plastiki asubuhi mpaka jioni. Latifa akavizia siku nne, tano. Hakuna.

Siku ya sita jioni, lori likaleta mchanga wa zege. Dereva akaumwaga ovyo, ukatambaa mpaka karibu na bomba la uani. Latifa alirudi kutoka sokoni giza linaingia, akaukuta. Ilikuwa zamu ya Hawa, na alimsikia Sharifu akikohoa kule kwenye vyumba vya nyongeza. Akafunga mlango wake, akalala na wivu wake.

Alfajiri aliamka, akatawadha bombani, akarudi ndani akaswali. Kulipopambazuka akatoka. Na pale, ukingoni mwa mchanga, mbichi, safi, kama umechongwa, kulikuwa na unyayo mmoja wa mwanamke. Peku.

Hakujiuliza mara mbili. Nani mwingine? Uwanja ule ulikuwa na wanawake wawili tu. Akachota kwa kijiko, kisigino kwanza. Akafunga kwenye pindo la kanga. Saa moja asubuhi alishakuwa kwenye gari la kwenda Soni ili aunganishe la Mponde, na shingo hakuigeuza.

Loyce akauchukua ule mchanga, akauchanganya na vitu vyake, akausemesha kwa muda mrefu kwa lugha ambayo Latifa hakuijua. Mwisho akaurudisha na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kabisa: "Mwenye mguu huu hatakanyaga juu ya ghorofa ile. Atatembea chini yake. Umwage kwenye zege likiwa bichi."

Siku ya kumwaga slabu kwetu ni kama harusi. Watu ishirini, makarai yanapanda mkono kwa mkono, makande yanachemka kwenye sufuria kubwa. Mimi nilikuwa juu, nalisawazisha zege. Nilimwona mama Saidi akipanda ngazi ya miti na ndoo ya maji ya kunywa. Nilimwona akiinama. Nilidhani ameangusha kitu. Nikamwambia, "Shemeji, angalia nondo zisikuchome." Akasema, "Nimeshamaliza," akashuka.

Alishuka na tabasamu. Nalikumbuka kwa sababu halikudumu.

Slabu inakaa wiki tatu juu ya mirunda, ile miti ya kuishikilia kwa chini, inamwagiliwa maji, haiguswi. Hawa na watoto walikuwa wameshahamia sebuleni kwenye nyumba kubwa, kwa sababu vyumba vyao vilikuwa vimejaa mirunda kama msitu. Latifa akawapokea vizuri, hata blanketi akawapa. Alikuwa anasubiri.

Wiki ya kwanza, miguu yake ikaanza kuwa ya baridi. Nyayo tu. Akaziweka karibu na moto, akazivalisha soksi mbili. Baridi ilikuwa inatoka kwa ndani.

Wiki ya pili akawa akijilaza mchana baada ya adhuhuri, anaamka kichwa kizito, macho mekundu, damu yote imemjaa usoni kama mtu aliyening'inizwa kichwa chini. Akadhani ni presha. Siku moja akavua soksi. Nyayo zake zilikuwa na unga wa kijivu. Akanusa. Saruji.

Akajipangusa kichwa. Kwenye nywele kulikuwa na vumbi la sakafu.

Hakumwambia mtu.

Wiki ya tatu tukaja kutoa mirunda, mimi na Hezekia, fundi nondo wangu. Hezekia si mtu wa maneno mengi. Tukagonga, mirunda ikaanguka, tukaanza kubandua mbao za fomu. Dari ikatoka nzuri, laini, nikaanza kujisifu. Hezekia akanishika bega.

"Fundi. Nani alikanyaga hapa?"

Nikatazama juu. Katikati ya dari kulikuwa na unyayo.

Ngoja niwaeleze wasiojua ujenzi. Upande wa chini wa slabu hauguswi na mtu. Zege linalalia mbao. Mbao zimebana. Kuna alama za mbao, za misumari, za mafundo ya mti, basi. Ule unyayo ulikuwa umezama ndani ya zege kama vile mtu amelikanyaga kutokea chini, kichwa kikining'inia kuelekea sakafuni. Kisigino, uwayo, vidole vitano. Na kidole kidogo kilikuwa kimempanda mwenzake.

Nikageuza ule ubao wa fomu. Ulikuwa mzima. Hauna kitu.

Sharifu alipofika nikamwambia ni mchezo wa vibarua. Akakubali, ana mambo mengi. Hawa akaja, akatazama, akashika kifua. Latifa akaja nyuma yake.

"Dada, hili ni nini?" Hawa akanong'ona.

Latifa akamtazama Hawa miguuni. Siku ile ilikuwa ya jua, Hawa alikuwa na kandambili. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka vyote, kama vya mtoto.

"Siku mchanga ulipoletwa," Latifa akauliza polepole, "usiku ule ulilala wapi?"

"Mlalo, dada. Mama alikuwa na homa, niliondoka alasiri na watoto, nikarudi kesho yake mchana. Baba Saidi ndiye aliyelala humu, akilinda saruji. Kwani hakukuambia?"

Latifa akavuta kanga yake chini, mpaka ikafunika miguu.

Alikuwa ametawadha. Giza. Akarudi kutoka bombani peku, miguu mibichi, na pale ambapo jana yake asubuhi palikuwa ardhi tupu palikuwa na ukingo wa mchanga. Baridi aliisikia, lakini baridi ya alfajiri nani huipima? Uso tuna kioo cha kuutazamia. Unyayo wa mtu, yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuujua.

Siku iliyofuata zilikuwa nyayo mbili.

Nilizihesabu mwenyewe kila asubuhi. Tatu. Tano. Zilikuwa zinatoka katikati ya dari na kwenda upande mmoja, kwenye ukuta unaopakana na nyumba kubwa. Zege lilishakauka. Nilipiga msumari, msumari ukapinda. Lakini nyayo zilikuwa zimezama nusu kidole, na kingo zake zimenyanyuka kama tope.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, ukungu ulishuka ukafunika kila kitu. Hawa alikuwa juu ya slabu, anaanua nguo za watoto. Akasikia mtu anatembea. Akadhani Latifa yupo chini, akainama pembeni akaita kwa adabu yake ile ile, "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Sauti ilikuwa ya Latifa. Ilitoka chini ya miguu yake. Karibu sana. Kama vile wamegusanisha nyayo, mmoja huku, mwingine kule.

Kisha ukungu ukapasuka kidogo. Hawa akamwona Latifa kule bombani, amesimama na ndoo, mdomo umefumbwa.

Ndoo ikamwagika. Latifa naye alikuwa ameisikia.

Akakimbilia Mponde. Loyce hakumkaribisha ndani. Akamjibu mlangoni, "Uliniletea unyayo, nimeufanyia kazi. Sikuuliza ni wa nani."

"Nirudishe, bibi. Nakushika miguu."

"Miguu yako umeshaitoa," akasema bibi. "Utarudi kwa ipi?"

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu. Ndipo aliponieleza yote haya, kuanzia nyanya mpaka kijiko. Akasema, "Fundi, zitoe. Zitindue. Kabla hazijafika ukutani."

"Zikifika ukutani kutakuwa na nini, shemeji?"

"Nyuma ya ukuta ule ndipo kinapoanzia kitanda changu."

Nikachukua nyundo na tindo. Mimi si mwoga, mwulizeni yeyote. Nikatindua unyayo wa kwanza, vipande vikaanguka. Chini yake kulikuwa na unyayo. Ule ule. Nikatindua tena. Upo. Nikaenda mpaka nikaona nondo, na nondo yenyewe ilikuwa imebonyea kwa umbo la kisigino. Nikaacha. Nikapiga lipu dari nzima, nene. Asubuhi lipu yote ilikuwa sakafuni, kipande kizima kizima, na kila kipande kina tundu la mguu.

Zilikuwa zimebaki hatua mbili.

Hapo Latifa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwita Hawa. Mimi nilikuwa nakusanya vifaa vyangu, niliona. Akamwambia, "Mdogo wangu, mimi nilitaka usipande. Sasa panda. Hamia leo, hata kama hakuna ukuta. Labda ukikaa juu, itaniachia."

Hawa alilia. "Nitakaa chini, dada. Nitakaa hata nje. Juu kaa wewe."

"Siwezi," Latifa akasema. "Nimejaribu asubuhi. Ngazi naiona. Mguu hauinuki."

Kesho yake Latifa akaondoka. Alikwenda kwa kaka zake, Bumbuli, akasema atakaa huko mpaka mambo yatulie. Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka stendi, nikamtafutia kiti cha dirishani, akanipungia mkono. Sharifu alimtafuta baadaye, kaka zake wakasema hajafika, na watu wakasema labda ameteremka njiani, labda amekwenda kwa mwanawe Tanga. Mke mkubwa aliyepitwa na mke mdogo akiondoka, watu hawatafuti sababu nyingi. Ghorofa haikuendelea. Nondo za nguzo bado zimechomoza angani, zina kutu, na Hawa na wanawe wanalala nyumba kubwa. Kila asubuhi anasimama kwenye mlango wa vile vyumba, anasema shikamoo, halafu anaondoka haraka kabla hajasikia kama imejibiwa.

Basi, niliahidi nimeliona lote, na nimeliona. Ila pana neno moja humo nimelitunga, na kwa kuwa mmenisikiliza vizuri nitalitoa. Ni lile la stendi.

Sikumbebea begi mtu. Siku ile saa nane mchana nilimwacha Latifa ndani ya kile chumba cha nyongeza, amekaa sakafuni, anaitazama dari. Aliniambia nikamletee maji. Akafunga mlango kwa ndani. Nilipofika na maji nikagonga, nikaita, nikaupiga bega mpaka komeo likang'oka. Dirisha lilikuwa na nondo, nilizichomea mwenyewe. Sakafuni kulikuwa na kanga yake, imekunjwa vizuri, na soksi zake mbili. Sharifu alipokuja mbio kuuliza mkewe yuko wapi, alinitazama mimi, fundi, mtu wa mwisho kuwa naye. Nikasema nimempandisha gari la Bumbuli. Lilinitoka tu. Nimelisema mara nyingi mno tangu siku ile, mpaka kiti cha dirishani nakiona.

Hatua mbili za mwisho zilikuwa zimeshafika ukutani. Miguu miwili, sambamba, vidole vimegusa ukuta. Zege lile lilikuwa na zaidi ya mwezi. Nilipanda juu ya ndoo, nikanyoosha mkono, nikaweka kidole kwenye kisigino cha kushoto, nihakikishe tu.

Kidole kilizama. Lilikuwa bichi, na lilikuwa la moto, kama ngozi ya mtu.

Nilikichomoa. Tundu lake lipo pale mpaka leo, limekauka, na kidole changu hiki kinaingia humo mpaka kwenye kifundo.